Nyayo Chini ya Karai

Tone la kwanza lilipogonga bati, Kalondu alikuwa amekaa mlangoni akilinda nyayo za ndovu.

Juzi ndovu walikuwa wameingia shambani mwake hapa Maungu, wakala mahindi, wakakanyaga pipa la maji likalala bapa kama chapati. Askari wa wanyamapori alikuwa bado hajafika kuona hasara ili walipwe fidia.

"Asipoona nyayo atasema ni ng'ombe wetu," mama mkwe alikuwa amemwonya. Kwa hivyo kila unyayo ulikuwa umefunikwa kwa chombo kilichokuwamo nyumbani: karai, sufuria ya ugali, beseni la kufulia.

Sasa mvua waliyoikosa msimu mzima ilikuwa ikimwagika kutoka kwenye paa, na hakukuwa na chombo cha kuikinga.

"Kalondu, maji yanapotea," mama mkwe aliita kutoka ndani.

"Nayaona, mama."

Aliangalia barabara. Hakukuwa na gari. Akasonya, akatoka mbio, akainua karai. Unyayo ulikuwa mzima, mviringo, mikunjo ya ngozi imejichora kwenye udongo. Aliutazama ukijaa maji, kisha akafunua nyingine zote, akapanga vyombo chini ya paa.

Vyombo vilikuwa vimejaa hadi kumwagika Landrova iliposimama. Askari alishuka na kamba yake ya kupimia, akakatiza shamba kwa hatua ndefu.

"Mama, ziko wapi hizo nyayo?"

Kalondu alitazama kiatu cha askari, kilichozama kwenye dimbwi la mviringo.

"Umesimama ndani."