Aliyeshika Mkia

Mgeni alibisha hodi wakati wa chai, amevaa beji ya Tamasha la Nyimbo la Mataifa. Saumu, aliyekuwa wa mwisho katika mashindano hayo, alimtarajia kesho. Kila anayeshika mkia hufuatwa nyumbani kwake.

“Tunachukua sauti ya kuimbia tu, dada. Ya kusemea utabaki nayo. Lakini ukiimba tena, hata ubeti mmoja, tunachukua zote mbili.”

“Nilimwahidi mama kwamba nikirudi nitamwimbia.”

“Mama ataelewa.”

“Mama haelewi kitu siku hizi. Mimi mwenyewe ananitambua kwa wimbo tu.”

Mgeni akatazama saa.

Saumu akaingia chumbani kwa mama, akaketi kitandani kando yake, akaimba beti zote tatu. Mama akatabasamu, akamwita jina lake kwa mara ya kwanza mwaka huu. Saumu akafungua kinywa aitike, sauti haikutoka.