Mshale wa Mita

"Injini imekufa, mama. Mwachie shemeji yako gari," alisema fundi.

Kombo, aliyelitaka gari la marehemu kaka yake tangu siku ya arobaini, akanyoosha mkono. Mwanahawa, mjane wa kaka yake, akampa ufunguo.

"Keti ndani. Washa swichi tu, kisha kanyaga mafuta polepole," alimwambia.

Akatoa mkobani mita ya kupimia umeme, akagusisha nyaya zake kwenye sensa ya throto, ile inayoiambia injini mafuta yamekanyagwa kiasi gani. Mshale ulipanda vizuri, ukaanguka katikati, ukapanda tena.

"Umeona, fundi? Mshale ulipaswa kupanda bila kuanguka. Injini ni nzima. Sensa ndiyo mbovu."

"Umekuwa fundi lini, shemeji?" Kombo alifoka.

"Tangu ulipoanza kukagua vyombo vya nyumbani kwangu ili uvichukue. Kanyaga tena!"

Mafundi wote wa gereji waliacha kazi zao, wakasogea. Kombo akakanyaga, na macho yao yakaufuata mshale ukipanda, kisha ukianguka palepale katikati.