Majibu ya Damu ya Dubu

Dubu alikuwa ameshachomwa sindano ya usingizi, na lori la kumrudisha msituni lilikuwa langoni, maabara ilipopiga simu.

"Damu yake inaonyesha aliwahi kuambukizwa virusi vya mbwa, na huenda bado anavibeba," Daktari Mshangama alimwambia Zaituni, mlezi wa dubu huyo. "Hatuwezi kumpeleka kwa wenzake. Tusije tukawaua."

"Basi atakaa kizimbani mpaka lini, Daktari?"

"Mpaka afe, dada yangu."

Zaituni, aliyemlea dubu huyo kwa chupa ya maziwa, aliingia kizimbani, akaketi sakafuni na kukipakata kile kichwa kizito. Lori likaondoka tupu.

"Toka, anaamka!" daktari alipiga kelele.

Zaituni hakuinuka. Mlango wa kizimba alikuwa ameuacha wazi nyuma yake, na dubu, macho yakiwa bado yamefumbwa, alianza kunusa upepo wa msituni.