Salamu za Alfajiri

Siku hizo sauti za marehemu zilihifadhiwa katika ghala moja la kompyuta la jiji. Ghala likijaa, sauti iliyokaa muda mrefu zaidi bila kuitwa ndiyo iliyofutwa. Kanuni hiyo aliibuni Dakta Mwanaidi Shekue, bingwa wa algoriti, akiamini kwamba anayependwa hakosi wa kumwita. Hakufikiri kwamba watu wataita kwa hofu.

"Amka! Jirani keshaanza," mama yake alimwambia alfajiri moja, akimtikisa.

Ng'ambo ya ukuta jirani alikuwa akiwaamkia wafu wake mmoja baada ya mwingine, mbiombio. Kila aliyemwita alisalimika, na wafu wa wenzake wakasogea karibu na kufutwa.

"Mama, naweza kuibadili kanuni, baba asiguswe kamwe."

"Ili afutwe wa nani?" Mama alikaza kanga kiunoni. "Hapana. Tutaita kama wenzetu. Si ndiyo kazi uliyotupa?"

Mwanaidi akapiga moyo konde, akaigeukia spika ya ukutani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Jana nilitaka kukwambia..."

"Shikamoo, babu!" alidakia Mwanaidi, akipaza sauti kumshinda jirani.