Familia ya Nyumba ya Kona

"Mume wangu, maji ya kuoga tayari," muuguzi alisema kwa sauti ya kufika hadi uani, kisha akamkata jicho fundi friji asije akacheka.

Nje ya dirisha ufagio ulikuwa ukifagia palepale kwa muda mrefu mno. Mama mwenye nyumba alikuwa anasikiliza.

Hawakuwa mume na mke. Walijuana siku fundi alipokwenda hospitalini kutengeneza friji ya dawa, akataja kwamba anatafuta wenzake wa kupanga nao nyumba. Wakaongezeka wanafunzi wawili wa chuo, binti mmoja mkimya na kijana waliyemwita Mrefu. Kila mlango waliobisha walijibiwa yaleyale: hatupangishi makapera, tunataka familia. Mwishowe wakaona basi, familia na iwepo. Fundi akawa mume, muuguzi akawa mke, binti akawa wifi, na Mrefu akawa mdogo wake muuguzi wa tumbo moja, ingawa dada mtu hakumfika hata begani.

Mama mwenye nyumba aliwatazama mmoja mmoja, akasema ni familia nzuri ila damu zao zimekataa kufanana. Akawapa masharti. Chumba cha mbele kilichofungwa wasikiguse, na mtu akija getini wasifungue, wamwite yeye. Mwenyewe alilala kijichumba cha uani. Wenye mali wana vituko vyao, fundi alisema, wakaingiza magodoro.

Muuguzi aliipenda nyumba ile hadi akaiogopa. Tangu aanze kazi alikuwa akilala sebuleni kwa mjomba wake, akisubiri watu washibe televisheni ndipo atandike. Sasa alikuwa na mlango, na ufunguo wa mlango huo. Lakini raha hakuwa nayo. Kila jioni fundi aliingia naye chumbani mbele ya macho ya watu, kisha akanyata kwenda kulala kwa Mrefu. Muuguzi akitoka zamu, badala ya kulala, alijigeuzageuza akikumbuka nani kasema nini mbele ya nani. Njia ya mwongo ni fupi, na hii yao ilipita chini ya dirisha la uani kila siku.

Kisha bomba la jikoni likapasuka. Mama mwenye nyumba alikuja mbio, akaanza kuzunguka nao kutafuta koki ya kufungia maji, akainama hapa, akachungulia pale, hadi fundi alipoigundua nyuma ya tangi. Katika patashika ile Mrefu akamgeukia muuguzi.

"Shemeji, hebu nipe hilo tambara."

Dada yake wa tumbo moja! Muuguzi akamrushia tambara upesi. Mama mwenye nyumba alimtazama Mrefu, akamtazama na yeye, akaendelea kukamua tambara lake. Tangu siku hiyo ufagio haukubanduka dirishani.

Muuguzi aliwaambia wenzake kwamba yule mama anatafuta tu siku ya kuwatoa. Binti, ambaye mitihani yake ilikuwa inaanza Jumatatu, alisema yeye hahami na vitabu vyake kichwani. Fundi akashauri wakaungame wenyewe, huenda wakahurumiwa. Mrefu, mwenye kosa, aliinamia sahani yake. Muuguzi aliushika ufunguo wake mfukoni mpaka ukapata joto. Alitaka kulia. Lakini kuishi roho juu kulikuwa kumemchosha, akasema liwalo na liwe, waende sasa hivi.

Hawakufika hata mlangoni. Honi ililia getini, honi ndefu ya mtu asiyezoea kungojeshwa. Uani ufagio ukaanguka. Mama mwenye nyumba akaingia jikoni bila kubisha, pumzi juu, akaurudishia mlango kwa mgongo.

"Mama, tulikuwa tunakuja kukwambia," muuguzi alianza. "Sisi siyo..."

"Najua. Nilijua tangu siku ile ya kwanza, ndiyo maana nikawachukua." Funguo zilikuwa zikigongana mkononi mwake. "Mwenye nyumba ndiye huyo getini. Nilimwambia naitunza nyumba yake nikisaidiana na wanangu. Haya, upesi: kifungua mimba wangu ni nani?"