Sifuri za Shangazi

Hakimu alifungua zipu ya mfuko, na badala ya joho lake jeusi likamwagika gauni la harusi, lesi juu ya lesi, mpaka likafunika kaunta yote ya dobi.

"Naolewa lini?" akauliza.

Karani alikigeuza kibandiko cha mfuko: 45. Shangazi yake, mwenye duka, alimwajiri ahamishie daftari la nguo kwenye kompyuta. Namba za nguo za harusi zilianza na sifuri. Za kazini hazikuwa nayo. Kompyuta ikazila sifuri zote kama mchwa, naye akaona heri, maana sifuri ya mbele haiongezi wala haipunguzi. Kisha akachapisha vibandiko vipya.

"Kwa hiyo 045 na 45..." akanong'ona.

"Sasa ni mapacha," shangazi akasema, mikono kiunoni. "Nilikwambia uziandike kama zilivyo. Ukanijibu mimi mtu wa pasi, wewe mtu wa kompyuta."

"Shangazi, ni jambo dogo. Naibadili safu ya namba isomeke kama maandishi, si hesabu, naziandika upya. Sifuri zitarudi zote."

"Na joho?" hakimu akauliza. "Kesi inaanza saa nne."

Karani akaitazama ndoano tupu. Mfuko wa pili ulichukuliwa asubuhi na mapema, na aliyeuchukua aliondoka kwa vigelegele.

Simu ya duka ikaanza kulia. Shangazi aliitazama, akaisukuma taratibu juu ya lesi hadi mbele ya karani.

"Pokea, mtu wa kompyuta."