Mrusi Aliyekuja Kuposa

Siku ile mjinga alikuwa Abdulsamad, na mwenyewe hakatai.

Kijana wa Kiuzbeki alikuja nyumbani kwake Wembley kumposa bintiye, akaleta na pilau la kwao, karoti zimekatwa nyembamba kama njiti. Abdulsamad, Mpemba wa Wete, alionja tonge moja, likamnogea, akachota la pili.

"Muulize huyu Mrusi, kwao kuna bahari?" alimwambia bintiye.

"Hakuna. Kuna pamba. Enzi za Sovieti Warusi wakiwalimisha kwa nguvu. Sasa baba yake analima matikiti yake mwenyewe, na nusu ya kijiji wako nje wanatafuta maisha."

Kumbe kama kwetu, aliwaza Abdulsamad, lakini utani ulikuwa umeshamkolea.

"Pilau la Mrusi halina hata hiliki. Mie simwozeshi Mrusi."

Neno hilo moja, Mrusi, kijana alilielewa. Uso ulimwiva, lakini aliinua birika akammiminia mzee chai.

Binti, ambaye siku zote humjibu baba yake kwa Kiingereza, safari hii alijibu kwa Kiswahili.

"Baba, yule Mkenya wa dukani alikuita Mbara, wewe mtu wa kisiwani, mara moja tu, ukamnunia mwaka mzima. Huyu umemwita Mrusi mara tatu, na bado anakumiminia chai."